Kiboko kwenye Salon ya Madamu

Ilianza Jumatano, saa tisa na dakika ishirini za mchana. Saa ninaijua vizuri, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa Madamu tangu saa tisa kamili, na kaye thelathini na moja, madaftari ya darasa, kichwani, nikikosa nguvu ya kupiga hodi. Fundi redio, jirani yake, ana saa ya ukutani inayoonekana kupitia dirishani. Nilihesabu dakika zote. Bila mvua ningerudi nyumbani na kusema sikumkuta.

Mvua ikaanza, nikagonga. Madamu alifungua akiwa na kisu kidogo mkononi na glavu moja tu, ya mkono wa kushoto.

"We njo ule mutoto hasemake."

Nikaitika kwa kichwa: ndiye mimi, yule mtoto asiyesema.

"Ingia. Weka kaye pale. Sasa kuya unuse hii, uniambie kama iko tayari ao bado."

Ilikuwa taya ya mbuzi. Nilinusa. Nikasema, "Bado." Neno langu la kwanza kwake, na nadhani la kwanza la siku ile nzima.

Alikuwa mwalimu wetu wa biolojia hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Walimu wengine wanawake ni Madamu fulani na Madamu fulani. Yeye alikuwa Madamu tu, kama vile ziwa ni ziwa tu, huulizi lipi. Sitaandika alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hakupenda kuulizwa. Mtu akimuuliza alijibu, "Mi ni wa hapa unaponiona," na kama yule mtu ni askari aliongeza, "Na we?"

Nyumba nyingine hapa kwetu, kabati la salon, chumba cha wageni, ni la sahani za harusi, maua ya plastiki na picha ya ubatizo. Sahani za Madamu zilikwenda vita hii ya pili ilipoanza, pamoja na viti vitatu na redio. Kabati lilibaki kwa sababu lilikuwa zito. Vilibaki pia vitambaa vyeupe vya kufuma, ambavyo mama yake alimfumia alipoolewa, na juu ya kila kitambaa Madamu alikuwa ameweka kichwa. Mbuzi wawili, dume na jike. Kondoo. Mbwa. Nguruwe. Nyani kutoka milimani. Paka. Kanga, fuvu dogo kama yai lake. Sangala mkubwa wa ziwani, ambaye mifupa ya kichwa chake ilikuwa vipande vingi sana, Madamu akavishona kwa uzi wa nyavu. Vyote vyeupe. Si weupe wa chokaa, ni weupe wa jino la mtoto.

Siku ile ya kwanza alinipa mbuzi jike nimshike. Akaniuliza meno ya mbele ya juu ni mangapi. Nilitafuta, nikageuza, nikapitisha kidole.

"Hana," nikasema.

"Una miaka ngapi?"

"Kumi na sita."

"Miaka kumi na sita unakula mbuzi, na leo njo unajua hana meno ya juu. Batu banatuibia kila kitu juu hatuangaliake."

Shule yetu ilikuwa na labo. Askari wa kwanza waliopita walichukua mikroskopi, waliona ina kioo cha kuchungulia wakadhani ni ya bunduki kubwa. Wa pili walichukua meza zikawa kuni. Wa tatu hawakukuta kitu, wakakasirika, wakapiga ubao risasi. Matundu matatu. Madamu akichora seli anazungusha duara kwenye tundu, na tundu linakuwa kiini. Mwanafunzi mmoja mgeni aliwahi kuuliza kwa nini seli za Madamu zote ziko sehemu ileile ya ubao. Tulicheka mpaka mkuu wa shule akaja.

Mkuu wa shule alimwambia hakuna labo, afundishe kwa mdomo. Madamu akamjibu, "Serikali haina labo. Bale ba rebellion habana labo. Mbuzi iko nayo mu kichwa. Mi naanza na mbuzi."

Namna yake ya kusafisha, niliijifunza kwa miaka miwili, na ninaiandika hapa isipotee. Unatoa ngozi na nyama unayoweza kwa kisu, bila kukwangua mfupa. Hupiki. Huo ndio ujinga wa kwanza wa watu: wanachemsha kama maharage, mafuta yanaingia ndani ya mfupa, na meno makubwa yanapasuka. Unaweka kwenye maji, kwenye pipa lililo juani, na unangoja. Nyama inaoza yenyewe, kama vile mihogo inavyolainika ikilowekwa. Maji unayamwaga kupitia kitambaa, maana meno madogo yanatoka, na jino likipotea Madamu hasamehe. Halafu sabuni ya unga na maji ya vuguvugu, majuma na majuma, mpaka maji yaache kuwa na mafuta juu. Mwisho kabisa ndiyo weupe: maji ya oksijeni ya hospitali, yale yanayotoa povu kwenye kidonda. Yakikosekana, jua na umande, na unangoja tena.

Javeli, ile dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, kamwe. "Javeli inakula mufupa sawa muchwa mu paa," alisema. "Leo iko nyeupe, kesho iko unga."

Mimi nilifanya kosa ambalo kwetu bado wananitania. Alinituma kijitoni na kichwa cha kondoo kwenye gunia, nikiweke majini siku mbili. Hakusema wapi, na mimi niliona haya kuuliza. Nikafikiri: kinacholainisha mihogo kitalainisha na kondoo. Nikakiweka kwenye kidimbwi cha bamama wanaoloweka mihogo, katikati ya mihogo yao, na jiwe juu.

Siku ya tatu mama mmoja aliinua gunia langu akidhani ni lake. Kelele yake ilifika mpaka barabarani. Bamama wakaja kwa Madamu, saba, na beseni za mihogo vichwani, na mimi nikiwa nyuma ya mlango.

"Madamu! Ulitutilia maiti mu bugali yetu!"

"Ni kondoo."

"Kondoo iliyooza!"

"Na mihogo yenu je, haiozi? Munaiweka kule ifanye nini, iombe Mungu?"

"Nani atakula hii sasa? We utakula?"

Nilidhani atanitaja. Hakunitaja. Alichukua mihogo kutoka beseni la yule mama aliyepiga kelele, akaiosha, akaikausha siku tatu mbele ya nyumba, akaitwanga, na Jumamosi akawaita wote saba. Akasonga bugali ileile, akala na ndakala, samaki wadogo wa ziwani, mbele yao, tonge kwa tonge. Yule mama aliangalia, akaangalia, mwishowe akanawa mikono. "Songea kule," akamwambia, "usimalize ndakala peke yako." Walikula wote. Baada ya kuondoka Madamu aliniita nje ya mlango, akasema, "Kuuliza haiuwi. Kunyamaza njo inauwa kondoo mara ya pili."

Asifikiri mtu kwamba alikuwa hodari kila mahali. Alikuwa anaogopa mbwa hai. Mwenye fuvu la mbwa kwenye kabati alikuwa anazunguka njia ndefu ya sokoni ili asipite kwa muuza mafuta mwenye mbwa mweusi. Alitupiga marufuku kuchelewa, naye alichelewa kila siku ya Mungu. Hakula nyama ya kichwa. Kanisani aliimba sauti ya tatu, vibaya, na kwa nguvu, na mchungaji alipomuomba apunguze alimwambia sauti alipewa na yule yule anayemwimbia. Na alikuwa mchoyo wa chumvi. Ninaandika ukweli: chumvi alikuwa ameficha nyuma ya nguruwe.

Fundi redio alikuwa na shida na harufu. Kila siku ya upepo alisimama kwenye ua wake na shati limefunika pua.

"Madamu, mi naomba vita irudi huku, tukimbie bote."

"Ukikimbia uniachie ile saa."

"Nitakuachia na mukojo wa paka yangu, ndani ya pipa yako."

"Lete. Iko na amonia."

Walikuwa hivyo kila siku, na Madamu alipougua malaria fundi redio ndiye aliyemchemshia uji.

Mara moja tu nilimwona akibadilisha kitu kwa ajili ya neno la mtu. Kulikuwa na mama aliyekimbia mauaji ya kijiji cha Makobola, amepewa chumba nyuma ya nyumba ya tatu. Hakuongea sana, kama mimi. Asubuhi moja, akitoka majini, alisimama mbele ya dirisha la Madamu na ndoo kichwani. Akaangalia kabati. Akasema polepole, si kwa hasira, "We unaweza lala mu nyumba moja na hii?"

Yule mama akaenda zake. Siku ile ile Madamu alilisogeza kabati, zito vile lilivyo, yeye na mimi tukisukuma kwa mabega, mpaka ukuta usiotazamana na dirisha. Ukiwa kwenye njia ya maji hukuona kitu tena. Hakuwahi kulieleza jambo hilo na sikuuliza. Kwa askari hakusogeza hata kijiko.

Barieri, kile kizuizi cha askari kwenye njia ya shule, alipita kila siku. Askari walipenda kumfungulia mfuko wa mifupa wapate kupiga kelele, halafu walichoka. Mmoja wao, mtu mzima mwenye jino la dhahabu, aliwahi kumuuliza, "Mama, hii taya ni ya nani?" Madamu akamshika kidevu, kweli, kwa mikono miwili, akamwonyesha kwenye uso wake mwenyewe: hapa linaungana, hapa msuli unapita, fungua, funga. Yule askari alifungua na kufunga. Tuliopanga foleni nyuma tulikufa kwa woga. Akamwacha apite.

Sasa kiboko.

Askari walimpiga risasi upande wa Lweba, jike, alikuwa anakula mashamba ya mpunga, au walisema hivyo. Watu waligawana nyama, wakakata mashavu na ulimi, mfupa ukabaki mchangani na nzi. Madamu alisikia saa nne, darasani. Akaweka chaki chini, akatuambia tusome ukurasa wa mapafu, akaenda Lweba kwa miguu. Jioni alirudi kwa mtumbwi na wavuvi wanne.

"Madamu, utapika hii na nini?" wavuvi walimuuliza.

"Na mwaka muzima," alisema.

Pipa halikutosha. Alikuwa na mtumbwi wa zamani uliotoboka, akaziba tundu kwa lami, akaujaza maji, akamlaza kiboko humo. Miezi tisa. Sisi wa sehemu ya biokimia tulimwaga maji kwa zamu. Nilitapika mara mbili juma la kwanza na mara moja la pili, baadaye pua yangu ikakata tamaa. Fundi redio alihamia kwa ndugu yake kwa mwezi mmoja. Mafuta yalitoka na kutoka, kama vile yule mnyama hakuwa na kitu kingine ndani. Madamu alitumia sabuni yake ya kufulia mpaka akawa anavaa nguo moja. Nilipomwambia mama yangu, alinipa mche wa sabuni nimpelekee, akasema, "Umwambie ni ya kufua nguo." Madamu alimpa kiboko wote.

Alipokuwa tayari hakutosha juu ya kabati. Madamu alichukua kitambaa kikubwa kuliko vyote, akakitandika juu ya kiti pekee kilichobaki, akamweka hapo. Tulikwenda kusoma kwake sita sita, kwa sababu shule haina mlango wa kufunga, angeibwa. Kiboko alikaa kwenye kiti, sisi na Madamu tulikaa chini. Ungeweza kuingiza mkono mzima pale meno yanapoanzia. Wa mwaka wa sita walikuwa wanangoja mtihani wa serikali, kama ungekuja, na Madamu aliapa hata mmoja hatashindwa swali la mifupa. "Kiboko ni ya shule," alisema. "Hata mi mwenyewe, ni mulinzi tu."

Kwa hiyo Komanda, kiongozi wa askari wa mji, alipokuja, tulijua amekuja kwa nini. Baraka ni ndogo, sifa ya kiboko ilikuwa imefika kwenye biro yake, ofisi ya askari. Alikuwa mtu mrefu, mwenye adabu ya sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyotutisha. Alisimama salon, askari wa jino la dhahabu mlangoni. Mimi nilikuwa chini na kaye yangu.

"Hii inatoka," alisema. "Mukubwa yangu anakuya kututembelea juma lenye linakuya. Nataka kumupa zawadi."

Madamu alisimama akajipangusa mikono.

"Hii? Komanda, hii ni jike. Angalia meno hii, iko fupi. Utamupa mukubwa kichwa ya mwanamuke?"

Komanda akaangalia. Askari wa mlangoni akakohoa.

"Mupige dume," Madamu akasema. "Mi nitakusafishia mwenyewe. Dume ana meno kama mukono yako."

"Siku ngapi?"

"Miezi tisa."

"Juma moja."

Nilimtazama Madamu. Uso wake haukubadilika.

"Juma moja," akasema. "Sawa. Unitumie kuni, javeli lita makumi mbili, na soda kali ile ya kutengeneza sabuni."

Nilisikia neno javeli nikafikiri nimesikia vibaya.

Kichwa cha dume kilikuja kesho yake, bado kinatoa damu. Madamu alikata pipa katikati kwa urefu, akawasha moto chini, akachemsha kichwa kile na soda kwa siku tatu, moto mkubwa, povu linamwagika. Yeye aliyetupiga vidole kwa kuweka fuvu karibu na jiko! Meno makubwa yalipasuka, nikasikia yakilia: ta, ta. Akayajaza nta ya mshumaa kwenye nyufa. Siku ya tano akamwaga javeli. Askari wa jino la dhahabu alikuwa amekaa kwenye jiwe, ameagizwa kulinda.

Na mimi, ambaye kwa miaka miwili darasani sikuwahi kuinua mkono, siku ile ndiyo niliyoona inafaa kusema. Kwa sauti kabisa.

"Madamu, si ulitufundisha javeli inakula mufupa?"

Fimbo yake ya kukorogea ilisimama. Askari aliinua kichwa. Nilielewa palepale, lakini neno likishatoka halina mkia wa kulivuta.

"Nilisema mbuzi!" Madamu akanigeukia. "Mbuzi ni mufupa mwembamba. Hii ni kiboko! We, mwaka muzima kinywa imefungwa, siku unaifungua unatoa bujinga kama hii mbele ya batu? Toka, enda utafute kuni!"

Askari alicheka mpaka jino lake likaonekana lote. "Acha mutoto, mama. Anajifunza."

"Anajifunza nini? Anajifunza kunipotezea heshima!"

Nilienda nyuma ya jiko nikaanza kuokota kuni. Baadaye alinifuata na ndoo tupu.

"Umeelewa?"

"Ndiyo, Madamu."

"Basi rudilia kunyamaza yako ya zamani."

Nilimchukia siku nzima. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli. Alikuwa amenitia ndani ya jambo linaloua watu bila kuniuliza, na alikuwa amefanya kwa ajili ya mfupa. Halafu siku ya Jumamosi niliingia salon, nikamkuta yule jike kwenye kiti chake, na wenzangu watano chini wanahesabu magego, na chuki ilikosa pa kukaa.

Dume alipelekwa kwenye biro kwa gari. Alikuwa anang'aa, macho yaliuma kumtazama. Mkubwa alikuja, akapiga makofi, akasema abaki kwanza Baraka, atamchukua safari nyingine. Komanda akamweka juu ya meza yake.

Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Mwezi wa pili mafuta yalianza kutoka, ya manjano, juu ya karatasi. Halafu unga. Halafu nzi. Wanaofagia biro walisema kila asubuhi wanafagia kiboko kidogo. Siku moja Komanda alikuwa anamkaripia mwenye mtumbwi mmoja, akapiga meza ngumi, na jino refu la dume likadondoka mguuni kwake. Kabla ya saa sita soko zima lilijua. Bamama wa samaki waliulizana kwa sauti nzuri ya kanisani, "Mama, ile kiboko ya biro, inaendelea kukojoa?"

Tulicheka kama wengine, lakini tulijua anayefuata ni nani. Tulimwomba Madamu tumfiche jike, tugawane na vichwa vingine nyumbani kwetu.

"Wakikuta mu nyumba ya mama yako, nani atapigwa?" aliniuliza. "Inabaki hapa. Hii ni nyumba yangu, na ni mi nilichemusha."

Komanda alikuja Alhamisi saa nne asubuhi, na askari watano. Tulikuwa sita chini. Hakupaza sauti hata siku ile.

"Ulinidanganya."

"Nilikuambia miezi tisa," Madamu akasema. "We njo ulisema juma moja. Ile njo kiboko ya juma moja."

Komanda akasema jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia. "Sawa. Utanisafishia ingine. Miezi tisa. Kama hii. Askari atakaa hapa na we. Ukikubali, hii ya batoto inabaki."

Nilimwona Madamu anaangalia kiti. Mimi ningekubali. Moyoni nilikuwa nasema kubali, kubali, Madamu, ni mfupa tu, utuachie chetu.

"Hapana," alisema.

"Unasema?"

"Nasema hapana. Ile ya kwanza nilifanya juu ya kukuogopa. Ya pili nitafanya juu ya nini? Miezi tisa nikuoshee, batoto babone mwalimu wao anaoshea nani? Beba yenye unaweza kubeba. Mi sitakusafishia tena hata sahani."

Wawili walimbeba kiboko, mmoja wao yule wa jino la dhahabu, hakutuangalia. Wengine walipiga kabati kwa vitako vya bunduki. Mbuzi, kondoo, nyani, wote. Mfupa mkavu ukivunjika hausikiki kama sahani, unasikika kama mtu anatafuna. Madamu alinyoosha mkono wa kulia kukinga kanga, na mkono nao wakaupiga. Wakaondoka na Madamu. Komanda alipita juu yetu kwa uangalifu, asitukanyage.

Siku tatu alikuwa kwenye biro. Mchungaji alikwenda, mkuu wa shule alikwenda, na bamama wa mihogo walikwenda, saba, wakakaa chini mbele ya mlango na beseni zao mpaka jua la saa nane. Jumapili walimwachia. Alirudi kwa miguu, peke yake, na aliwakataza watu kumsindikiza.

Nilikwenda kumwona saa kumi, baada ya kanisa. Nilikuwa nimetunga maneno ya pole njia nzima. Nilimkuta amekaa chini, mkono wa kulia umefungwa kwenye kitambaa kimoja cha mama yake, umevimba kama ndizi. Mbele yake beseni tatu. Kwa mkono wa kushoto alikuwa anaokota vipande sakafuni na kuvigawa.

Nikaanza kulia. Maneno yote yalipotea.

"Unalia nini? Kaa. Usikanyage paka."

Nikakaa.

"Kiboko yetu ilienda Uvira," alisema. "Banamupa mukubwa. Na unajua nini inaniuma? Tuliisafisha vizuri sana. Haitamunukia hata siku moja."

Alicheka, na mbavu zikamuuma, akaacha. Akachukua kipande cha mbuzi jike, pua iliyopasuka katikati kwa urefu, akaniwekea kiganjani.

"Angalia ndani."

Sikuwa nimewahi kuona. Ndani ya pua ya mbuzi kuna mifupa myembamba kama ganda la kitunguu, imejikunja, imejizungusha, koridori ndani ya koridori, myeupe. Nilisahau kulia.

"Njo inapashia hewa moto, inashika vumbi, inanusa. Miaka tatu nilitafuta musumeno muzuri wa kukata mbuzi katikati, muone hii. Niliomba hospitali, niliomba seremala. Bote banasema hapana." Akainua na kile cha mbwa, ambacho kilikuwa kimejikunja zaidi, maradufu. "Sasa angalia vile banatukatia. Bila kuomba."

Tuligawa mpaka jua likawa chini: pua beseni moja, bongo beseni moja, masikio beseni moja. Kanga hakupona, alikuwa unga. Madamu alimpuliza kutoka kiganjani mwake. Nilipokuwa natoka alisema kesho atakuwa hospitalini kufungwa mkono, atachelewa, na darasa lisikae bure.

"Nani atafundisha?" nikauliza.

"Unauliza sasa? Vizuri," alisema, akaendelea kuokota.

Kesho yake asubuhi nilibeba beseni la pua kichwani. Kwenye barieri alikuwepo yule wa jino la dhahabu. Aliuliza nini iko mu beseni. Niliogopa, sitadanganya kaye yangu.

"Pua ya mbuzi," nikasema. "Na ya mbwa, na ya nguruwe. Ni ya darasa. Ni nyinyi mulitupasulia."

Aliangalia beseni, akaangalia chini, akashusha kamba. Sikuinamisha kichwa kwa sababu ya beseni. Saa moja na nusu nilifika, wenzangu thelathini wamekaa. Niliweka beseni juu ya meza, nikachukua chaki, nikaandika ubaoni kwa herufi zilizopinda: PUA YA MBUZI, NDANI. Halafu nikawaambia wafungue kaye.